Kumpa Mvuvi Ubao: Teknolojia ya Michezo ya Kompyuta na Sayansi ya Viumbe wa Majini

Chini ya miembe na kwenye vibaraza vya maduka ya Uganda, hakuna anayehitaji kuelezwa ubao wa omweso ni nini. Una mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne, na kete 64 ambazo wachezaji wawili hugawana sawasawa. Ni ndugu wa karibu wa bao linalochezwa Pwani. Anayejifunza huona shimo moja tu, lile analolichota. Bingwa huona kwamba kete alizochota huku zitaangukia kule, kwamba shimo alilolijaza upande wa kushoto limemfungulia mwenzake mlango upande wa kulia, na kwamba hasara itakayomfika baada ya zamu tano inatayarishwa kwa zamu hii. Mwanasayansi wa bahari hutazama maji kwa jicho hilo la bingwa. Shida yake ni kwamba watu anaotaka wamsikie, wakiwemo wavuvi, wabunge, wafanyabiashara wa samaki na wanafunzi, hawajawahi kupewa ubao wa kuutazama. Wamepewa grafu.

Makala haya yanafafanua jinsi teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta inavyotumiwa kuwapa watu hao ubao, na mahali ambapo njia hiyo inaweza kuwapotosha. Mifano ya mwanzo ni ya bahari za mbali, kwa kuwa huko ndiko kazi ilikoanzia. Hata hivyo, nchi yetu isiyo na pwani ina sehemu yake ya Ziwa Viktoria, Nnalubaale wa Waganda, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hesabu zinazoeleza bahari hulieleza pia ziwa hili bila kuhitaji mabadiliko makubwa.

Tuanze na hesabu zenyewe, maana bila hizo mchezo ni katuni tu. Mwaka 1984, mtafiti Jeffrey Polovina alichapisha njia ya kuchunguza mfumo wa matumbawe wa French Frigate Shoals huko Hawaii, njia aliyoiita Ecopath. Wazo lake linafanana na daftari la muuza duka. Kila kundi la viumbe lina bayomasi, yaani uzito wa viumbe wote wa kundi hilo wakiwekwa pamoja kwenye mizani, na kila mwaka kundi huzalisha uzito mpya kwa kukua na kuzaana. Uzito huo mpya lazima uwe umekwenda mahali fulani: umeliwa na makundi mengine, umevuliwa na watu, umehama, umebaki kama nyongeza ya akiba, au umepotea kwa vifo vya namna nyingine. Daftari likionyesha kwamba papa wamekula tani nyingi za samaki kuliko zilizozalishwa, mtafiti hujua kwamba kuna takwimu iliyoandikwa vibaya, naye hurudi nyuma kuitafuta, kama muuza duka anayekuta ameuza sukari nyingi kuliko aliyoinunua.

Daniel Pauly na Villy Christensen waliikuza njia hiyo, na mwaka 1997, wakiwa pamoja na Carl Walters, walichapisha Ecosim, ambayo hulifanya daftari litembee katika wakati. Ndani yake kuna wazo moja linalostahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo linaloitofautisha hesabu hii na dhana ya kawaida kwamba samaki mkubwa akiongezeka basi mdogo atakwisha. Mliwa hakai wazi akisubiri kuliwa. Hujificha kwenye mawe, kwenye majani au kwenye kina chenye giza, kisha hutoka kutafuta chakula, na ni katika kipindi hicho kifupi tu ndipo mla huweza kumpata. Kwa hiyo, walaji wakiongezeka maradufu, chakula chao hakiongezeki maradufu, na mara nyingi samaki mdogo hupona kwa gharama ya kula kidogo na kukua polepole. Baadaye ikaja Ecospace, ambayo hutandaza hesabu hizo juu ya ramani. Mwaka 2007 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na angahewa, NOAA, liliihesabu Ecopath miongoni mwa mafanikio kumi makubwa ya kisayansi katika miaka yake 200.

Pamoja na sifa zote hizo, modeli ya aina hii, yaani hesabu zinazoiga mwenendo wa viumbe na maji yao, ikimaliza kazi hutoa mistari inayopanda na kushuka. Kwa aliyezoea, mstari unaoshuka ghafla ni mayowe. Kwa asiyezoea, ni uzi uliolegea juu ya karatasi.

Hapo ndipo injini ya mchezo inapoingia. Neno hilo halina uhusiano na injini ya boti. Ni programu ya msingi ambayo mtengenezaji hujenga mchezo wake juu yake. Ndiyo inayochora picha upya mara 30 au 60 kwa sekunde, inayokokotoa jinsi mwanga unavyofifia kadiri unavyozama majini, inayotambua kwamba kitu kimoja kimegonga kingine, na inayopokea amri ya kidole cha mchezaji. Soko la michezo limekwisha kuilipia kazi hiyo yote, hivyo mtafiti mwenye bajeti ndogo huikuta tayari. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, Christensen na wenzake walitumia Blender, programu huria ya kutengeneza picha za pande tatu, kuonyesha matokeo ya modeli zao kama bahari yenye samaki wanaoogelea.

Makundi hayo ya samaki yana siri nzuri, nami nitachepuka kidogo niieleze. Mwaka 1987 Craig Reynolds alionyesha kwamba kompyuta inaweza kuchora kundi la ndege au samaki kwa kumpa kila mmoja kanuni tatu pekee: usimgonge jirani yako, elekea wanakoelekea jirani zako, wala usiachwe mbali na kundi. Hakuna samaki kiongozi, na hakuna mchoraji aliyechora umbo la kundi zima. Hata hivyo, kanuni hizo zikianza kufanya kazi, kundi hujipinda, hugawanyika mbele ya kizuizi na kuungana tena nyuma yake, kwa namna ambayo mtu aliyewahi kutazama dagaa chini ya taa ya mvuvi ataitambua mara moja.

Ugumu huanza katika kutafsiri tani kuwa samaki. Tuseme Ecosim imetoa jibu kwamba dagaa wa eneo fulani watapungua kutoka tani 40 hadi tani 25 kwa kilomita ya mraba. Injini haijui kuchora tani. Hujua kuchora samaki. Je, samaki mmoja kwenye skrini awakilishe kilo ngapi? Uwiano wa kweli ukifuatwa bila kulegeza, planktoni, yaani viumbe wadogo mno wanaoelea majini, watajaza skrini kama ukungu, na papa ataonekana kama kivuli kinachopita mara moja kwa siku nzima. Ukilegezwa ili mchezaji asichoke, papa wanakuwa wengi kuliko walivyo baharini, na mchezaji ataondoka akiamini kwamba bahari imejaa meno. Mchoraji ameingia katika sayansi bila kubisha hodi, na uamuzi wake kuhusu ukubwa, rangi na idadi ya viumbe utakumbukwa muda mrefu kuliko mlinganyo wowote.

Kwa sababu hiyo, sidhani kwamba picha nzuri ndiyo faida kuu ya teknolojia hii. Filamu za viumbe wa baharini zimekuwa na picha nzuri zaidi kwa miongo mingi, na mtazamaji huzitazama, husifu, kisha huenda kulala. Mchezo una kitu ambacho filamu haina: humfanya mtu aamue, kisha humrudishia matokeo ya uamuzi wake baada ya muda. Muda huo ndio kiini cha jambo. Mifumo ya ikolojia hulipa madeni yake kwa kuchelewa, na akili ya binadamu haikuumbwa kuunganisha kosa la leo na adhabu ya baada ya miaka kumi na mitano. Mchezo unaweza kuikunja miaka hiyo ikawa mchana mmoja.

Ushahidi mzuri wa hili ulikuwepo kabla ya picha za pande tatu kuwa jambo la kawaida. Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa mifumo Dennis Meadows alitunga Fish Banks, mchezo ambao makundi ya wachezaji huendesha kampuni za uvuvi. Kila mwaka wa mchezo, kundi huamua kama litanunua meli, na kama meli zake zitavua kina kirefu, karibu na pwani, au zitabaki bandarini. Kwa kawaida samaki huishia kuporomoka, hata pale ambapo wachezaji ni watu wenye elimu na nia njema, kwa kuwa mavuno yanapoanza kupungua kwa namna inayoonekana, meli nyingi mno zimekwisha kununuliwa na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuziweka kando. Michoro ya mchezo huo ilikuwa duni sana kwa macho ya leo. Haikuwa na haja ya kuwa bora.

Mfano ulio karibu zaidi na sayansi ya kisasa ni MSP Challenge, ulioanzia Uholanzi mwaka 2011 na kuendelezwa katika chuo kikuu cha sayansi tumizi kilichopo Breda. Toleo lake la kompyuta limejengwa juu ya injini ya Unity. Washiriki hugawanywa katika timu zinazowakilisha nchi zinazozunguka bahari moja, kwa mfano Bahari ya Kaskazini, na kila timu hupanga mahali pa kujenga mitambo ya umeme wa upepo, njia za meli, maeneo ya uvuvi na hifadhi, huku miaka ikisonga kuelekea 2050. Nyuma ya pazia, modeli ya Ecopath na ndugu zake hupokea mipango hiyo kama kelele za ujenzi, kama maeneo yaliyofungwa kwa nyavu za kukokota, au kama sakafu ya bahari iliyovurugwa, kisha hurudisha ramani mpya ya samaki. Timu moja inaweza kugundua kwamba samaki wake wamepungua kutokana na uamuzi wa jirani, ambaye naye alifuata sheria zake zote kikamilifu. Afisa aliyewahi kusoma kuhusu umuhimu wa ushirikiano wa kimataifa katika ripoti ishirini atauhisi kwa mara ya kwanza akiwa amekasirika, na hasira hiyo ni sehemu ya somo.

Turudi nyumbani. Iwapo mtu angetaka kutengeneza mchezo wa namna hii kuhusu Ziwa Viktoria, asingehitaji kubuni mkasa, kwa maana ziwa lenyewe lina mkasa unaofuata kanuni ile ile ya kuchelewa. Sangara, ambaye Uganda humwita mputa, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa takriban miaka ishirini alikuwepo bila kutikisa mambo kwa kiwango kikubwa, na mtu aliyekuwa na shaka naye angeweza kuambiwa kwamba hofu yake imepitwa na wakati. Katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo. Furu, wanaoitwa nkejje kwa Kiganda, waliokuwa mamia ya spishi na waliobeba sehemu kubwa ya uzito wa samaki wa ziwa hilo, wakaporomoka. Nafasi iliyoachwa ikajazwa na dagaa, yaani mukene, pamoja na uduvi wadogo wa maji baridi, nao uduvi hao wakawa chakula kikuu cha watoto wa sangara. Sangara wakubwa, walipokosa furu, wakazidi kuwala watoto wa sangara wenzao. Kueleza mnyororo huo kwa maneno humchosha msikilizaji katikati. Kumpa mchezaji ubao wenye makundi sita na kumwachia aguse moja hakuchoshi.

Katika mkasa huo huo kuna mahali ambapo picha yenyewe hustahili kazi yake, na hapa nalegeza kidogo msimamo wangu wa awali. Mbolea na udongo kutoka mashambani pamoja na maji taka ya miji vimelirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani umeongezeka na maji yamekuwa machafu. Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majike wa furu huchagua madume kwa rangi zao, na kwamba maji yanapochafuka rangi hizo hazionekani vizuri, hivyo mipaka kati ya spishi hulegea na wanyama waliokuwa wakijitenga huanza kuzaliana. Spishi inaweza kutoweka bila kuliwa na bila kuvuliwa, kwa sababu tu mwanga umekuwa hafifu. Ukweli huu ni wa macho tangu mwanzo. Injini ya mchezo, iliyotengenezwa kukokotoa mwanga ndani ya maji, inaweza kumweka mchezaji katika nafasi ya jike anayetafuta dume wa bluu katika maji yanayozidi kuwa ya kijani mwaka baada ya mwaka, na nakiri kwamba sioni grafu inayoweza kufanya hivyo.

Hesabu za kuendeshea mchezo kama huo zipo. Ziwa Viktoria limetengenezewa modeli za Ecopath tangu miaka ya 1990, na mwaka 2016 Chrispine Nyamweya na wenzake walichapisha modeli ya ziwa hili kwa kutumia Atlantis, mfumo uliobuniwa na shirika la utafiti la Australia, CSIRO, ambao huyagawa maji katika maeneo na tabaka, kisha hufuatilia virutubisho, viumbe na uvuvi katika kila sehemu. Jinja kuna taasisi ya taifa ya utafiti wa samaki na makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, linalounganisha Uganda, Kenya na Tanzania. Kinachokosekana ni daraja kati ya kompyuta za watafiti na mwalo, yaani ufuko ambako boti hushusha samaki.

Daraja hilo si jambo la anasa. Sheria inakataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50, na mwaka 2017 jeshi lilianza kushiriki katika kusimamia sheria za uvuvi kwenye maziwa yetu. Mvuvi anayenyang'anywa nyavu anajua kipimo kinasema 50. Asichoelezwa mara nyingi ni kwa nini 50 na si 40, wala uhusiano wa kipimo hicho na ukweli kwamba sangara jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume. Amri bila sababu humfundisha mtu jambo moja tu, nalo ni kumkwepa mwenye amri.

Sasa tuitazame hatari, ambayo nadhani hutajwa kidogo mno. Modeli yoyote ya mfumo wa ikolojia imejaa makadirio. Baadhi ya takwimu zake zimepimwa kwa uangalifu, nyingine zimeazimwa kutoka ziwa jingine, na nyingine zimerekebishwa mpaka daftari likakubali kusawazika. Mtafiti anapochora grafu huweza kuweka ukanda mpana kuzunguka mstari wake ili kusema kwamba ukweli unaweza kuwa popote humu ndani. Mchezo huona aibu kuonyesha ukanda huo. Samaki kwenye skrini ana magamba yanayong'aa na kivuli chake mwenyewe. Haonekani kama kadirio. Ung'avu wa picha humwambia mchezaji kwamba mambo haya yanajulikana kwa hakika, wakati aliyeandika mlinganyo asingethubutu kusema hivyo. Zipo njia za kupunguza udanganyifu huo, kama kuiendesha modeli mara nyingi kwa makadirio tofauti na kumwonyesha mchezaji mustakabali kadhaa badala ya mmoja, au kuzifanya idadi zenye shaka zionekane kwa ukungu. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuziweka kanuni za mchezo wazi, ili mtu aweze kuuliza nani aliamua kwamba dagaa huzaa kwa kasi hii. Kanuni za mchezo ni maoni ya mtu kuhusu dunia, hata zikiandikwa kwa hisabati.

Hiyo ndiyo sababu mchezo wa aina hii hauwezi kuachwa peke yake na mchezaji. Katika vikao vya MSP Challenge na Fish Banks kuna mwezeshaji, na mazungumzo yanayofuata mchezo huhesabiwa kuwa sehemu yake muhimu. Uganda ina mtaalamu wa kazi hiyo tayari, ingawa hajawahi kuitwa kwa jina hilo. Katika vibanda vya video vya mitaani, VJ hukaa na kipaza sauti na kuitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo, akiongeza maelezo, akitania, akiwapa wahusika majina ya jirani, na akijua pa kunyamaza ili bunduki izungumze yenyewe. Mialo mingi mikubwa ina kibanda cha namna hiyo, chenye skrini, jenereta na mabenchi. Kompyuta moja mbele ya watu arobaini wanaobishana kuhusu uamuzi unaofuata inafaa mazingira yetu kuliko programu ya simu inayomlazimu kila mmoja kununua bando, na ubishi huo ndio unaotafutwa.

Lugha nayo ipangwe mapema. Mchezo utakaomwita samaki kwa jina la Kilatini umeshindwa kabla ya kuwashwa. Mputa na sangara, ngege na sato, mukene na dagaa, nkejje na furu: majina haya huvuka mipaka pamoja na boti, na katika mialo ya Ziwa Albert, ambako wavuvi wa Uganda hukutana na wa Kongo, Kiswahili ndicho mara nyingi hubeba mazungumzo. Mtengenezaji mwenye busara atawauliza wavuvi majina kwanza, kisha atawaachia mchezo waujaribu kabla ya kuufunga.

Wakijaribu, wataukosoa, na makosa mengine watayaona upesi kuliko mtafiti. Chukua mukene. Huvuliwa usiku kwa taa, na kazi hupungua mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa mwanga wa taa hauwezi kushindana na mbalamwezi. Ecosim kwa kawaida hupiga hatua ya mwezi mmoja mmoja, hivyo usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi huchanganywa katika wastani mmoja, na boti za mchezo zitatoka kila usiku zikivua kiasi kile kile. Mvuvi wa Kiyindi au Katosi atacheka, atauliza watu hawa wanavua mukene gani chini ya mwezi mpevu, na mwezeshaji atalazimika kueleza wastani ni nini na kwa nini mtafiti aliuhitaji. Mvuvi naye atalazimika kueleza siku ngapi za mwezi huwa hatoki, na idadi hiyo mtafiti ataiandika kwenye daftari lake.